Mzigo Unashukia Wapi?

Mdogo wangu alipata kazi, akapanga chumba na sebule Tabata, akalipa kodi ya miezi sita kama wenye nyumba wa Dar es Salaam wanavyotaka, na alipomaliza kulipa akabaki na laki tisa mkononi na nyumba tupu. Hakuwa na kitanda. Hakuwa hata na ndoo ya kuogea. Usiku wa kwanza alilala kwenye mkeka aliouazima kwa jirani, akanitumia ujumbe mfupi: "Dada, nikanunue wapi?"

Nilianza kumjibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Ukiwa umekaa Dar miaka mingi, swali hilo linakuletea majina mengi kwa mkupuo: Kariakoo, Karume, Tandika, Manzese, Mlimani City. Lakini majina hayamsaidii mgeni. Kariakoo peke yake ina mitaa ya kumtosha mtu kuzunguka kutwa nzima, jua limchome, akanyagwe, arudi nyumbani na vitu viwili vya bei mbaya. Na mdogo wangu ni mgeni wa Dar kwelikweli. Tumepishana miaka mingi. Alilelewa kwa bibi Morogoro, akaenda kusoma Dodoma, na alipopata akili ya kujua mambo mama alikuwa ameshaacha biashara. Hakupata nilichopata mimi, yaani kutembea na mama sokoni.

Mama hakuwa na desturi ya kuuliza wapi ni bei rahisi. Aliuliza swali moja tu kwa kila kitu, awe ananunua sindano au kabati: mzigo unashukia wapi?

Aliuza samaki wa kukaanga Temeke kwa zaidi ya miaka ishirini. Likizo za shule alinibeba kwenda Feri, tukitoka nyumbani saa kumi alfajiri na ndoo mbili tupu na kanga ya kujifunika baridi ya baharini. Soko la sasa la Feri, pale Magogoni karibu na kivuko cha Kigamboni, lilifunguliwa mwaka 2002 kwa msaada wa Japani, na mimi nilikuwa mtoto bado. Nakumbuka sakafu yenye maji muda wote, sauti za madalali zikipishana, na mama akiwa amenishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma. Dalali anasimama juu ya fungu, anataja bei, wachuuzi wanapandisha kwa kunyanyua kidole au kwa kutikisa kichwa tu. Inachukua chini ya dakika moja. Ukizubaa fungu limeshaenda.

Mama hakuwahi kugombea mafungu ya mwanzo. Alisimama pembeni, anahesabu vyombo vinavyoingia. Vyombo vikiwa vingi bado nje, alisubiri. Vikiwa vichache, alinunua haraka na kuondoka. Na alikuwa na hesabu nyingine ambayo nilichelewa sana kuielewa: alitazama mwezi kabla ya kutazama pochi. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa. Samaki wanafuata mwanga, wanazungushiwa nyavu. Mwezi ukiwa mpevu, bahari yote inang'aa na taa ya mvuvi haivuti kitu. Kwa hiyo siku za mbalamwezi vibua vinapungua Feri na bei inapanda, na siku za giza vinajaa. Kusi ikivuma kwa nguvu, kama Juni na Julai, vyombo vidogo haviendi mbali, na changu na nguru vinakuwa vya wenye nacho. Mpaka leo nikiona mwezi mkubwa juu ya paa za Temeke, kitu cha kwanza kinachonijia ni kwamba kesho samaki ni ghali.

Kisha kuna safari ya yule kibua baada ya mnada. Mchuuzi amemnunua kwa ndoo, anamgawa kwa mafungu. Mkaangaji anamnunua kwa fungu, anamkaanga. Muuza genge anamchukua kwa mkaangaji, anamuuza mmoja mmoja jioni. Kila mkono umefanya kazi na kila mkono unakula. Mama alinieleza hivyo bila chuki, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa mikono hiyo. Aliyoyataka niyajue ni mawili tu: kwamba ukisogea karibu na mahali mzigo unaposhukia unalipa mikono michache, na kwamba kusogea huko nako kuna gharama yake. Usingizi, nauli, na kulazimika kununua kingi kuliko unachohitaji.

Basi hilo ndilo nililomjibu mdogo wangu, nikamwambia Jumamosi asipange kitu kingine.

Vitu vya nyumbani Dar es Salaam vinashukia Kariakoo. Makontena yanatoka bandarini, mzigo unaingia maghala, kutoka maghalani unaingia kwenye fremu za maduka, na kutoka hapo unakwenda Mbeya, Songea, Lubumbashi, Lusaka, Moroni. Jina lenyewe ni la mzigo. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam katika Vita Kuu ya Kwanza, eneo lile lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa risasi na chakula cha vita isiyokuwa yao, na wengi sana wakafa njiani kwa maradhi na njaa. Mdomo wa Mswahili ukalifanya jina hilo Kariakoo. Nikimwona kijana anavuta mkokoteni wenye mabelo yaliyopanda kumpita kimo, anapiga kelele "mguu, mguu!" watu wampishe, huwa nawakumbuka wale wapagazi.

Jengo la soko lenyewe, lile la miavuli ya zege, lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Nimelipenda tangu utoto. Miavuli ile inapokea mvua na kuleta kivuli, hewa inapita chini yake, na shimoni kulikuwa na soko la jumla la mazao ambako malori yalikuwa yanaingia na kushusha. Usiku wa Julai 10, 2021 liliwaka moto. Asubuhi yake wafanyabiashara walisimama nje wakitazama moshi, watu wazima wenye familia, wengine bidhaa zao zote zilikuwa mle ndani. Serikali iliamua kulikarabati na kujenga jengo jingine pembeni. Nililia siku ile, nasema wazi. Kwangu lile ni mojawapo ya majengo mazuri zaidi tuliyowahi kujijengea wenyewe.

Tulishuka mwendokasi kituo cha Msimbazi saa mbili asubuhi. Hatujamaliza kuvuka barabara, winga amefika: "Karibuni dada zangu, mnatafuta nini? Vyombo? Mapazia? Twende niwapeleke dukani."

Mgeni wa Kariakoo lazima amjue winga. Ni kijana asiye na fremu wala mtaji, anayejua kila duka lina nini. Anakupeleka, na bei unayotajiwa inakuwa na chake ndani. Akikufikisha kwa duka la jumla na kukutajia bei ya rejareja, tofauti ni yake. Watu wengi wanawalaani. Mimi siwalaani. Kijana yule anajua ghorofa ya tatu ya jengo fulani kuna mama anauza mashuka ambayo huko chini yanauzwa kwa bei ya juu, na ujuzi huo una thamani. Ninachofanya ni kukubaliana naye mapema: nitakulipa kiasi fulani, unipeleke mahali pa jumla, na bei nitaongea mwenyewe na mwenye duka. Wengine wanakataa. Yule wa Jumamosi ile alikubali, akatutembeza saa nne nzima, na alipopokea hela yake akamwambia mdogo wangu, "Dada ukiwa na shida ya kitu nipigie." Namba yake anayo mpaka leo.

Kila bidhaa Kariakoo ina mtaa wake, na ukilijua hilo nusu ya uchovu imekwisha. Simu na vikorokoro vyake, Aggrey na Likoma. Nguo, kuanzia ndani ya maduka mpaka turubai za machinga barabarani, Mtaa wa Kongo, ambao wiki ya mwisho kabla ya Idi au Krismasi haupitiki. Vifaa vya ujenzi na spea za magari, upande wa Gerezani. Kanga na vitenge, Barabara ya Uhuru, na hapo nawaomba wasomaji wangu wa kike wasiwe na haraka: ifungue doti yote, tazama kama pindo zimelingana, sugua rangi kwa kidole kilicholowa, na lisome jina la kanga vizuri kabla hujampelekea mama mkwe.

Siri kubwa ya pale ni jumla. Maduka mengi yanakupa bei ya jumla kuanzia pisi tatu, mengine mpaka dazeni, na mtu mmoja aliyepanga chumba hahitaji dazeni ya sahani. Mdogo wangu alikuwa na wenzake watatu walioajiriwa naye siku moja, nao wakiwa na nyumba tupu kama yeye. Wakachanga. Sahani dazeni, vikombe dazeni, mashuka pea kadhaa, ndoo na mabeseni ya kutosha wote wanne, wakaja kugawana sebuleni kwake Tabata usiku wakiwa wamekaa chini. Sufuria nilimchagulia mimi, kwa kuzipima mkononi moja moja. Sufuria nyepesi inavutia dukani na inaunguza wali nyumbani.

Kuna jambo nililomsisitizia kwa sababu lilinikuta. Mwaka nilioanza kujitegemea nilinunua mashuka kwa muuzaji mmoja wa pale, yamefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni, yameandikwa 6 kwa 6. Nilikuwa na hela hiyo tu. Nilipofika nyumbani na kuyatandika, hayakufika hata ukingo wa godoro; na shuka la pili lilikuwa kipande kilichoungwa katikati. Nilirudi kesho yake, muuzaji akaniambia hanijui. Sikuwa na risiti. Nilisimama pale barabarani na mfuko wangu nikiwa sijui niseme nini, na hasira ile sijaisahau. Tangu hapo nafungua kila kitu mbele ya muuzaji, napima kwa mikono, na nadai risiti ya mashine hata kama kitu ni cha elfu kumi. Muuzaji anayekasirika ukifungua mfuko, mwachie mfuko wake.

Tulipopita karibu na makutano ya Mchikichi na Kongo mdogo wangu aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Jumamosi ya Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka pale asubuhi, watu wakiwa ndani wananunua na kuuza. Walikufa zaidi ya 20, na uokoaji ulichukua siku kadhaa. Walikuwa watu wa kawaida waliokwenda kutafuta riziki, na wateja waliokwenda kununua vitu kama vyetu. Kariakoo imejengwa kwa pupa: ghorofa juu ya ghorofa, fremu juu ya fremu, kwa sababu kila mita ya pale ni dhahabu. Mimi bado naenda, ila sasa natazama kuta. Naona watu wengi wanatazama kuta.

Mapazia hatukununua Kariakoo. Tuliyaacha kwa ajili ya soko la mitumba la Karume, na hapa najua wapo watakaonipinga, lakini pazia la mtumba kwangu linashinda jipya la bei hiyohiyo. Kitambaa ni kizito, kimeshafuliwa mara nyingi na kilichokuwa cha kuchuja kimeshachuja. Mtumba maana yake ya zamani ni furushi la mzigo, na hasa la nguo. Tumelihamishia kwenye nguo iliyovaliwa kwa sababu zinatufikia zikiwa zimekazwa kwenye mabelo. Watu wa umri wa mama wanakumbuka enzi za kupanga foleni dukani kwa ajili ya kitambaa, na jinsi mitumba ilivyomiminika baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Mama husema gauni lake la kwanza zuri lilikuwa la mtumba, na hasemi kwa aibu.

Karume mzigo "unashuka" pale belo linapofunguliwa. Mwenye belo hajui kilichomo. Amelinunua limefungwa, kwa uzito na aina tu. Linapokatwa kamba asubuhi, wachuuzi wenye maduka ya mitaani wanakuwa wamelizunguka na wanachukua chaguo la kwanza kwa bei kubwa. Saa nne wanakuja wa chaguo la pili. Jioni kinachobaki kinamwagwa chini kwa bei moja, na hapo mwenye subira na jicho anaokota vitu. Soko lile liliteketea Januari 16, 2022, na nilipokwenda miezi michache baadaye nilikuta watu walewale wamerudi juu ya ardhi ileile na mabelo mapya ya mkopo. Mama mmoja aliyekuwa akiniuzia mashuka aliniambia moto ulimkuta amefungua belo siku moja tu kabla. Akaniuliza, "Mwanangu, nikakae wapi sasa?" Mapazia ya mdogo wangu yalitoka kwake, ya rangi ya udongo, manne, na akatuongezea foronya mbili.

Kitanda tulikwenda Keko siku nyingine, kwa sababu Keko ndiko kinakotengenezwa. Unakuta mafundi wamekaa kandokando ya barabara, sofa hazijavishwa kitambaa, mifupa yake inaonekana, na hiyo ndiyo siku ya kununua sofa, ukiona mbao kabla hazijafunikwa. Mninga una uzito na mistari yake haifanani. Msonobari ni mwepesi, mweupe, na fundi asiye mwaminifu anaupaka rangi ya mninga. Geuza kitanda, tazama upande wa chini ambako hakuna anayejisumbua kupaka. Kwanguakwangua kwa ukucha. Kisha mlipe nusu, usilipe yote, na siku ya kuchukua uende mwenyewe. Tulikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tukapanda nyuma na kitanda, mdogo wangu ameshikilia ubao wa kichwani kama ameshikilia mtoto.

Pasi na feni alinunua kwenye duka la bei zisizopungua, lenye waranti ya maandishi. Kwa vitu vya umeme nadhani hiyo ni busara. Ukilipa zaidi kidogo unajua pa kurudi. Maduka makubwa ya aina ya Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006, yana faida hiyo, na choo safi, na kivuli. Kwa chakula siyaelewi. Uchumi na Nakumatt zilitujia kutoka Kenya kwa kishindo na zote zikafunga milango, wakati mwenye genge mtaani kwetu yupo palepale tangu nikiwa shule ya msingi.

Na chakula pia kina mahali kinaposhukia. Ndizi ni Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi. Mchele, mahindi na maharage, Tandale. Nyanya, vitunguu na viazi, Ilala, ambako malori yanaingia usiku na alfajiri bei ni nyingine kabisa na ya saa tano. Kwa mwenye shughuli, msiba au mgahawa, nenda huko. Mdogo wangu alipoyasikia haya akaandika yote kwenye simu yake, akasema kila Jumapili alfajiri atakuwa anakwenda Ilala kununua nyanya.

Nikamwambia hapana. Akashangaa, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha wiki nzima.

Sikuwa nimemwambia upande wa pili wa mama. Mwanamke yule aliyejua mwezi na upepo wa kusi, aliyeweza kutofautisha mninga na msonobari gizani, hakuwahi hata siku moja kununua nyanya sokoni. Nyanya, vitunguu, ndimu, mchicha, vyote alinunua genge la mama wa nyumba ya tatu, kwa bei ya genge, na hakuomba apunguziwe. Nilikuwa darasa la sita baba alipolazwa Muhimbili wiki tano. Mama hakukaanga samaki wiki tano. Kila jioni mama wa genge alimtuma mwanawe na kikapu: mchicha, nyanya, unga kilo moja, mafuta ya kupima. Aliandika kwenye daftari lake. Baba alipotoka, mama alikwenda na hela kidogo aanze kulipa, na yule mama akafungua daftari, akachana ukurasa. Nilikuwepo. Nilisikia karatasi ikichanika.

Nilimsimulia mdogo wangu hayo tukiwa tumekaa kwenye kitanda chake kipya kisicho na godoro bado. Hakusema kitu. Alikuwa mdogo sana wakati ule, yupo Morogoro, hakuna aliyemwambia.

Mwezi uliopita mama alikuja Tabata kuiona nyumba. Alipapasa mbao za kitanda, akainama kutazama chini, akatikisa kichwa kukubali. Akafungua pazia, akalifunga. Akanyanyua sufuria moja, akairudisha. Kisha akamuuliza mdogo wangu, "Nyanya unanunua wapi?"

"Kwa mama wa hapo kona. Karibu na bomba."

Mama akafungua mfuko wake, akatoa vibua alivyokaanga asubuhi, akavigawa mafungu mawili. Moja akaliacha mezani. La pili akalifunga kwenye gazeti, akajitanda kanga, akavaa kandambili zake mlangoni.

"Haya, twende ukanitambulishe," akasema.